Damu Igandayo Baada ya Mgongo Kuvunjika

Ajali ya mgongo haimaliziki siku ile majeruhi anapoinuliwa kutoka chini. Kwa kijana mwenye siha njema, pengine mambo huishia kwenye dawa ya maumivu na subira. Lakini kwa mtu aliyekwisha timiza miaka sitini na kitu, hatari kubwa yaweza kuja siku ya tano, ya kumi au ya ishirini, wakati majirani wamekwisha kwenda zao wakimshukuru Mungu kwamba mzee amenusurika. Hatari hiyo haimo katika mfupa uliovunjika. Imo katika mishipa ya damu.

Habari hii inawahusu askari kuliko wanavyodhani. Visiwa vya Wabajuni vimejipanga kama shanga zilizokatika uzi, kutoka upande wa Kismayo kuelekea kusini hata Ras Kamboni, mpakani mwa Kenya. Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo vidogo vyote vinakaliwa au vilikaliwa na wavuvi, waunda vyombo na mabaharia, ambao maisha yao yote hupita juu ya mbao zilizolowa maji, chini ya minazi na mabegani mwao wakiwa na mizigo. Hospitali ya kutegemewa iliyo karibu ni Hospitali Kuu ya Kismayo, ambayo kwa miaka mingi imesaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Mogadishu iko mbali, yapata kilomita 500. Kusi inapovuma kwa ghadhabu, katikati ya mwaka, mashua ya tanga haitoki. Hapo anayehitajiwa ni mwenye chombo cha mashine, mwenye redio ya mawasiliano na mwenye watu wanne wa kushika machela kwa nidhamu. Mtu huyo, mara nyingi, amevaa sare.

Mfano si mgumu kuupata. Mzee wa miaka sabini anateleza juu ya sitaha ya mashua na kuangukia makalio. Hakuanguka kutoka kileleni mwa mnazi, wala hakugongwa na gari. Ameanguka kimo chake mwenyewe tu. Kijana angecheka na kuinuka. Lakini mfupa wa mzee umekwisha punguka uzito kwa ndani, na kwa wanawake waliokoma hedhi hupunguka upesi zaidi, hata pingili moja ya kiuno hujikunja kama debe lililokanyagwa. Na ikiwa ameanguka kifudifudi akapiga kipaji cha uso, basi pingili ya pili ya shingo yaweza kuvunjika. Huo ni miongoni mwa mivunjiko ya shingo ionekanayo zaidi kwa watu waliopita miaka sabini, na wako waliotembea nao siku kadhaa wakidhani wameumia msuli tu.

Sasa mzee analazwa. Watu wa nyumbani, kwa huruma, wanamwambia asijitikise. Chakula analetewa kitandani. Maji anakunywa kidogo ili asisumbue watu kumpeleka chooni. Siku zinapita. Hapo ndipo damu inapoanza kazi isiyotakiwa.

Mganga wa Kijerumani, Rudolf Virchow, katika maandishi yake ya mwaka 1856, alifungua njia ya kuelewa jambo hilo, na mpaka leo waganga wanalieleza kwa sababu tatu zinazofuata kazi yake. Ya kwanza ni damu kwenda polepole au kutuama. Ya pili ni ukuta wa mshipa kuumia. Ya tatu ni damu yenyewe kuwa nyepesi wa kuganda. Mzee aliyevunjika mgongo amekusanya zote tatu kwa pamoja. Damu ya miguuni hairudi moyoni kwa nguvu ya moyo peke yake. Husukumwa na misuli ya tafu kila mtu anapokanyaga chini, na tafu lisilotembea halisukumi kitu. Pigo lile la kuanguka limejeruhi mishipa midogo mahali pengi. Na mwili wowote uliojeruhiwa huongeza nguvu ya kugandisha damu, kwa nia njema ya kuzuia isimwagike. Ongeza uzee wenyewe, ambao hufanya damu igande upesi zaidi, ongeza na upungufu wa maji mwilini katika jua la pwani ile. Ikiwa pia mshipa mkuu wa fahamu upitao ndani ya uti wa mgongo umeumia hata miguu ikafa ganzi, basi tafu limenyamaza kabisa, na hatari inazidi maradufu na zaidi.

Donge la damu huanza ndani ya mshipa wa mguu, kimya kimya. Laweza kukaa pale likaziba mshipa na kuuvimbisha mguu. Laweza pia kung'oka, likapanda tumboni, likapita katika moyo na kukwama katika mapafu. Likiwa dogo, mgonjwa huona pumzi fupi na kichomi. Likiwa kubwa, huanguka akafa katika muda wa dakika chache, pengine siku ile ile aliyoruhusiwa kusimama kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana katika vijiji vingi kifo cha namna hiyo hakiunganishwi kabisa na kuanguka kwa wiki mbili zilizopita. Husemwa kwamba moyo umesimama.

Wanajeshi wana sababu yao ya kukumbuka historia ya maradhi haya. Mwaka 1940, ndege za Ujerumani zilipokuwa zikiupiga mabomu mji wa London, maelfu ya watu walilala katika mahandaki ya kujikinga. Wengi hawakuwa na vitanda. Walikaa usiku kucha juu ya viti vya kukunja, ambavyo ukingo wake wa mbele hukandamiza mapaja kwa chini. Mchunguzi wa maiti, Keith Simpson, aliona kwamba watu, hasa wenye umri mkubwa, walikuwa wakifa ghafula baada ya usiku kama huo, na alipopasua miili yao alikuta madonge ya damu mapafuni. Hawakuguswa na bomu hata kidogo. Aliandika habari hiyo mwaka ule ule katika jarida la waganga, na miongoni mwa mambo yaliyohimizwa ni kuwapatia watu vitanda vya kulalia mahandakini. Dereva wa lori la jeshi atokaye Mogadishu hata Kismayo bila kushuka, na mlinzi akaaye kitini saa kumi na mbili, wafikiri habari hiyo kwa faida ya miguu yao wenyewe.

Kuhusu majeruhi, uchunguzi unaotajwa mno ulifanywa Toronto, nchini Canada, na kuchapishwa mwaka 1994. Waganga waliwapiga picha za mishipa ya miguu majeruhi 349 waliopata ajali kubwa, bila kungoja dalili. Zaidi ya nusu yao, yaani watu 201, walikuwa na damu iliyoganda miguuni. Miongoni mwa walioumia uti wa mgongo, walikuwa 41 kati ya 66. Na jambo la kutisha kuliko yote ni kwamba katika wale 201, watu watatu tu ndio walioonyesha dalili ambayo mganga angeweza kuitilia shaka kwa macho. Uchunguzi ule ule ulionyesha kwamba kila umri unapozidi, hatari nayo inazidi. Haifai, kwa hiyo, mtu kusema kwamba mguu wa mzee hauna neno kwa kuwa haukuvimba.

Hata hivyo, dalili zinapokuwapo zisipuuzwe. Mguu mmoja kuvimba kuliko mwenziwe, tafu kuuma na kuwa na joto, ngozi kubadilika rangi: hizo ni dalili za mguuni. Pumzi kukata ghafula, kifua kuchoma mtu anapovuta hewa, moyo kwenda mbio, kukohoa damu, kuzimia: hizo ni za mapafu, na hazingoji kesho.

Hapa pana jambo la kusemwa wazi, ingawa litawaudhi baadhi ya watu wema. Mguu uliovimba baada ya ajali ya mgongo usikandwe. Katika pwani nzima, tangu Kismayo mpaka Lamu na kwingineko, mkono wa mkandaji na mafuta ya nazi au ya ufuta ni tiba ya kuheshimika, na kwa msuli uliochoka hakuna wa kuikataa. Lakini donge la damu lililoshika ukutani mwa mshipa laweza kung'olewa na kidole gumba cha mkandaji hodari. Mkandaji hana kosa, kwa sababu haoni kilichomo ndani. Askari aliyesikia habari hii, akimkuta mzazi wake amenyooshwa mkekani mguu ukikandwa, na aseme kwa adabu: shikamoo mzee, tuuache mguu huu kwanza mpaka mganga auone.

Mvunjiko wa shingo una hila yake ya pekee. Mishipa miwili ya ateri ipelekayo damu upande wa nyuma wa ubongo haipiti katika nyama tupu. Hupita ndani ya matundu yaliyomo katika pingili za shingo zenyewe, kuanzia pingili ya sita kwenda juu. Pingili ikivunjika au ikihama, mshipa waweza kuchanika kwa ndani. Damu huganda pale penye mchaniko, kipande kikapanda ubongoni, na mzee akapatwa na kiharusi saa au siku kadhaa baada ya kuanguka. Kizunguzungu kipya, kuona kitu kimoja kuwa viwili, ulimi kuwa mzito, uso kupinda, mtu kuyumba kama amelewa: mambo hayo kwa mtu aliyeanguka juzi yasihesabiwe kuwa ni uzee, wala yasipewe jina la pepo. Hospitali kubwa zenye mashine ya kompyuta ya kupiga picha huweza kuuona mchaniko huo mapema. Penye eksirei peke yake hauonekani. Mchunguzi wa pekee ni jicho la mtu aliye kando ya kitanda.

Matabibu wa jeshi wanafahamu kupima shinikizo la damu, na wamefundishwa kwamba likishuka chini ya 90 majeruhi yumo hatarini. Kwa wazee kipimo hicho hudanganya. Mzee ambaye desturi yake ni 170 akionyesha 110, karatasini ataonekana mzima, ilhali huenda anavuja damu tumboni au kifuani. Kwa sababu hiyo waganga wa ajali hushauri kwamba kwa mtu aliyepita miaka 65, chini ya 110 itazamwe kwa shaka. Mapigo ya moyo nayo yaweza kukaa polepole kwa udanganyifu ikiwa mzee anatumia vidonge fulani vya shinikizo au vya moyo. Ngozi ya baridi, kuchanganyikiwa na mkojo kupungua husema kweli zaidi.

Dawa za kuzuia damu isigande zipo, na historia yake ni ya ajabu kidogo. Heparini ilitoka katika ini la mbwa, mwaka 1916, katika maabara moja ya Baltimore, Marekani, mikononi mwa mwanafunzi Jay McLean, aliyekuwa akitafuta kitu cha kugandisha damu na akapata kinyume chake. Warfarini ilitokana na uchunguzi wa ng'ombe waliovuja damu baada ya kula majani makavu yaliyooza. Iliuzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, na haikupita miaka kumi ikapewa Rais Dwight Eisenhower, jemadari wa zamani, baada ya maradhi ya moyo yaliyompata mwaka 1955. Siku hizi majeruhi wa mgongo hupewa zaidi sindano za heparini ya namna iliyosafishwa, chini ya ngozi, mara moja au mbili kwa siku. Uchunguzi wa pili wa waganga wale wa Toronto, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba sindano hiyo hupunguza idadi ya wanaopata donge, kutoka 44 katika mia kwa waliopewa heparini ya kawaida hadi 31 katika mia. Haikomeshi kabisa. Kwa mgonjwa aliyeumia mshipa wa fahamu, hospitali nyingi hujitahidi kuianza katika siku tatu za mwanzo, mara damu ya jeraha inapotulia, na kuiendeleza kwa miezi miwili au mitatu.

Lakini dawa hiyo ni panga lenye makali pande mbili. Damu isiyoganda mguuni haitaganda pia katika uti wa mgongo. Mzee mwenye kutumia asprini au warfarini kwa ajili ya moyo wake, akivunjika pingili, anaweza kuvuja damu ndani ya uwazi wa uti, na damu hiyo ikaubana mshipa wa fahamu. Dalili yake ni kwamba jana alitikisa vidole vya miguu na leo havitikisiki. Huo ni mkasa wa saa chache, si wa siku. Basi asiwepo wa kumpa mzee asprini za dukani ati ili damu yake iwe nyepesi kabla mganga hajamwona. Nia ni nzuri, na maangamizi yake ni makubwa.

Kuna sehemu ambayo haihitaji dawa wala mashine, nayo ndiyo iliyo mikononi mwa askari. Kwanza, kubeba. Majeruhi wa mgongo hashikwi mabega na miguu akaning'inia katikati kama gunia la mkaa. Watu wanne humviringisha kwa pamoja, mmoja akiwa ameshika kichwa na ndiye mwenye kutoa amri, na ubao hutiwa chini yake. Ubao wa mashua wafaa, mlango uliong'olewa wafaa. Lakini mzee mwenye kibiongo asilazimishwe kunyooka. Tia nguo zilizokunjwa chini ya kichwa na mabega mpaka shingo ikae kama ilivyozoea, maana kumnyoosha kwa nguvu kwaweza kuvunja kilichobaki. Katika chombo, alazwe katikati ya urefu wake, si omoni ambako kila wimbi hupiga. Na nguo laini zitandikwe juu ya ubao, kwani safari ya saa nyingi juu ya mbao tupu huanzisha kidonda mgongoni ambacho kitachukua miezi kupona.

Pili, kitanda kisigeuke kaburi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari aliyevunjika mgongo na kupooza hakutarajiwa kuishi muda mrefu; vidonda vya kulala na uchafu wa kibofu vilimwua. Mganga Ludwig Guttmann, mkimbizi aliyetoka Ujerumani, alifungua wodi yake huko Stoke Mandeville, Uingereza, tarehe 1 Februari, 1944, kwa ajili ya askari wa namna hiyo, akaamrisha wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na yeye mwenyewe alipita usiku kuhakikisha. Hakuwa na muujiza. Alikuwa na zamu, jambo ambalo kila askari analielewa. Kwa mzee wa Chula zamu hiyo hiyo yafaa: kugeuzwa kwa saa zake, kunyweshwa maji ya kutosha, kuvuta pumzi ndefu mara kwa mara, na kupindisha nyayo juu na chini kila saa awapo macho, ili tafu lisukume damu. Asiyeweza kuzitikisa nyayo mwenyewe, atikisiwe kwa upole na mtu wa nyumbani kama mganga alivyomwonyesha, maadamu mguu haujavimba.

Aidha, si kila mvunjiko unahitaji wiki za kulala. Pingili ya kiuno iliyojikunja kwa udhaifu wa mfupa, pasipo ganzi wala kulegea kwa miguu, mara nyingi huruhusu mzee akae na kutembea baada ya siku chache, maumivu yakiisha kupunguzwa. Anayeamua hilo ni mganga. Akiisha kuamua, wale wanaomrudisha mzee kitandani kwa huruma wanamdhuru.

Tatu ni kizuizi cha barabarani. Pwani ya Kismayo imeona majeshi mengi tangu mwaka 1991, na vizuizi vina sababu zake; tangu Al-Shabaab walipouondoka mji mwaka 2012, magari yenye mabomu hayakukoma kuwa tishio katika nchi, wala hapana mwenye akili amwambiaye mlinzi aache kupekua. Lakini gari lenye mzee aliyelala, mwenye pumzi fupi na mguu mmoja uliovimba, laweza kupekuliwa kwanza badala ya mwisho. Upekuzi huo ufanywe bila kumtoa mgonjwa na kumsimamisha. Mtu mwenye donge mapafuni akisimamishwa juani nusu saa anaweza kufa miguuni pa mlinzi, na upekuzi haukupata kitu. Jambo hili si gumu kutiwa katika amri za zamu, na lafaa kutiwa.

Mwisho ni karatasi. Anayemchukua mzee kutoka kisiwani na aandike mambo manne: saa na siku aliyoanguka, kama vidole vya mikono na miguu vilitikisika mara baada ya kuanguka, dawa anazotumia kila siku, na kama alipata kunywa maji njiani. Vidonge vyenyewe vitiwe mfukoni mwa mgonjwa pamoja na karatasi hiyo. Mganga wa zamu huko Kismayo, akimpokea mtu asiyeweza kusema tena, hana njia nyingine ya kujua kama ampe sindano ya kuzuia damu kuganda usiku ule au amnyime.